Anayemdai Talib, Aje Kwangu

Harrow, London
20 Februari 2025

Kwa Kaka Msabaha,

Assalaam aleikum. Naomba ikukute mzima, wewe, Mama Mahir na wote waliomo nyumbani Wete.

Sisi hatujambo. Siham amerudi chuoni, na Jumamosi na Jumapili anafanya kazi katika mkahawa wa Waarabu kule Edgware Road. Hurudi na wali uliobaki, tukala. Mimi nimo katika eda. Nalala, naamka, nasali, nachungulia dirishani. Kwa hesabu ya Siham nitatoka tarehe kumi na saba Mei. Kazini walinipa siku tano za msiba na wakaona wamenifanyia ukarimu. Nilipowaambia nahitaji miezi minne na siku kumi, yule bibi wa ofisini akaniuliza kama hiyo ni likizo au nimeacha kazi. Nikamwambia aandike apendavyo.

Utanisamehe kwa kuandika badala ya kupokea simu. Sauti yako ni sauti ya Talib. Umepiga mara nne, na mara zote nne nimeitazama simu mpaka ikanyamaza. Siwezi kumsikia mume wangu akinipa pole kwa kufiwa na mume wangu.

Siham ananambia unauliza kama yuko mtu anayemdai marehemu. Hayuko. Talib hakuwa mtu wa madeni, nduguyo unamjua. Ila ipo kampuni moja inayomwandikia barua. Siku ile, tulipokuwa hospitali, gari lilibaki katika uwanja wa maduka kule Neasden. Uwanja si wa serikali, ni wa watu binafsi, na mwisho wa kuegesha ni muda wa saa mbili tu. Gari lilikaa mpaka mchana wa siku ya pili, alipokwenda kulichukua Dinah, Mkenya mmoja tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Kamera zilipiga picha namba ya gari likiingia na likitoka, na sasa wanataka pauni mia. Bahasha zinakuja kwa jina la Talib kwa kuwa gari ni lake. Zimefika tatu. Nimezitia katika droo ya vijiko.

Hilo si deni. Nimekutajia kwa kuwa umeuliza. Mengine ni yale yale niliyomweleza Mama Mahir kwa simu siku ya msiba: nilikuwa nimemshika mkono, akatoa shahada, nikaisikia. Sina zaidi.

Shemeji yako,
Ummukulthum

*

Wete, Pemba
14 Machi 2025

Kwa shemeji yangu Ummukulthum,

Waaleiki salaam warahmatullah. Barua yako imechukua siku ishirini njiani. Ingekuja kwa miguu ingepata angalau kuona nchi za watu.

Tumo katikati ya mwezi mtukufu na tunafunga salama. Mama Mahir anakusalimu sana, na anakukataza kula wali wa mkahawa kila siku. Mahir yuko Unguja, bado anafanya kazi benki, bado hajaoa, na kila nikimuuliza anasema mtandao unasumbua.

Sasa nikwambie jambo. Siku ya hitma nilisimama msikitini nikasema kama inavyosemwa: "Anayemdai Talib, aje kwangu. Deni lake ni langu." Akaja mmoja tu, fundi baiskeli, akasema Talib aliazima pampu kwake mwaka tisini na nne, hakuirudisha. Nilipotia mkono mfukoni akasema amesamehe, alitaka tu nijue. Basi nikajua. Mdai wa pili ni hiyo kampuni yako. Haikuwapo msikitini, lakini ahadi niliitoa mbele ya Mungu, na sikusema wadai wa Wete peke yao.

Mimi nimekuwa karani wa karafuu miaka thelathini na moja. Nimewaona watu waliosema "hilo si deni" mpaka deni likawatoa nyumbani. Dawa ya deni kulipa, na roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Huyu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Sitamwacha atundikwe kwa ajili ya kuegesha gari. Nitumie nakala ya karatasi hizo.

Jambo moja sikulielewa. Mlikwendaje hospitali, ikiwa gari lilibaki Neasden? Ukipenda nieleze. Usipopenda, acha.

Nduguyo,
Msabaha

*

Harrow
16 Aprili 2025

Kwa Kaka Msabaha,

Waaleikum salaam, na Idd njema ingawa imeshapita. Hapa Idd iliingia ikatoka. Siham alipika biriani, likaungua chini, tukala la juu. Barua yako niliipata juzi. Nilicheka kwa habari ya fundi baiskeli, au nilidhani nimecheka, kwa sababu Siham aliniuliza kama naumwa.

Mambo ya bahasha yameendelea. Siham alifungua droo akitafuta kisu, akazikuta saba. Mbili za mwisho si za kampuni ya maegesho, ni za kampuni nyengine ambayo kazi yake ni kudai tu. Karatasi zao zina ukingo mwekundu. Pauni mia zimekuwa mia na sabini, na hizo sabini hawakusema ni za nini. Wanasema Talib amepuuza kila nafasi aliyopewa. Wanamshauri aitafakari hali yake.

Dinah alikuja akazisoma zote, akachemka kwa niaba yangu. "Usilipe hao watu, Mama Siham," akasema. "Hao si polisi, hao si korti. Mimi walinisumbua mwaka mzima na barua nyekundu. Niliwajibu kila moja, wakachoka wao." Basi tukaandika. Tulisema kibao cha masharti hakionekani jioni, na kwamba gari lilikaa kwa dharura. Hatukusema dharura gani. Wakajibu kuwa siku ishirini na nane za kukata rufaa zimekwisha, na kwamba wanataka kujua dereva alikuwa nani. Wameacha sehemu wazi ya kuandika jina. Pia wametuma picha ya gari likiingia. Hiyo sikutumii.

Dinah anasema nikipeleka cheti cha kifo shauri litakwisha wiki hiyo hiyo. Najua. Cheti kiko kabatini, hakijapotea. Siham naye akanambia kwa Kizungu chake, "Mum, just tell them he died." Nikamwambia, waambie wewe. Akakaa mbele ya kompyuta muda mrefu, kisha akaifunga.

Hao ndio watu pekee wanaomwandikia Talib kama yu hai. Ingepasa nikasirike. Sisikii kitu, Kaka. Naosha vyombo, navipanga, navitoa naviosha tena.

Nakala uliyotaka hii hapa. Lakini usilipe. Ukilipa umekubali kuwa Talib alikosa, na yeye hakukosa. Hilo moja tu ndilo ninalokuomba. Ama la hospitali, nilishamweleza Mama Mahir.

Ummukulthum

*

Wete
20 Mei 2025

Kwa shemeji yangu Ummukulthum,

Baada ya salamu, hongera kwa kutoka eda. Mungu akulipe kwa subira yako. Niwie radhi kwa kuchelewa, nilikuwa Unguja natibiwa jicho la kushoto. Daktari kanambia ni uzee. Nikamuuliza mbona jicho la kulia lina umri ule ule na halina neno. Akanipa matone.

Kuhusu kulipa, nimekuelewa.

Nimeitazama nakala kwa jicho moja lakini nimeitazama vizuri. Hiyo sehemu ya jina la dereva, mbona mmeiacha wazi? Katika kazi yangu gunia lisilo na jina la mwenyewe halikupanda mizani, hata likiwa karafuu safi namna gani. Mtu alilileta, basi ana jina.

Talib mwisho wa mwaka jana aliniambia anachoka, akitoka kazini wewe ndiye unayemwendesha. Nakuuliza mimi, si kampuni, na mimi sina kamera: siku ile nani alikuwa akiendesha? Usiniandikie la kunituliza. Mwaka huu nimetulizwa na watu wengi mno.

Mama Mahir anakusalimu. Amekushonea kitu, hataki niseme nini.

Msabaha

*

Harrow
12 Juni 2025

Kwa Kaka Msabaha,

Assalaam aleikum. Pole kwa jicho, na Idd njema. Siham amefaulu mitihani yake. Mimi nimerudi kazini kwa siku tatu za wiki, kwa bibi mmoja wa Harrow aliyezaliwa Kisumu, Amisha jina lake. Anazungumza nami Kiswahili cha jikoni, ananambia "lete chai" na "wacha kelele," ingawa mimi sipigi kelele.

Tarehe kumi na saba Mei nilioga, nikavaa, nikatoka mpaka kituo cha basi, nikarudi. Siku kumi baadaye ikaja barua ya onyo la mahakama, na fomu ya kujibu ndani ya siku thelathini. Nikamwambia Dinah anipeleke Neasden nikauone uwanja ule. Kibao cha masharti kiko nyuma ya banda la vitoroli, maandishi yake madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Dinah alikipiga picha kutoka kila upande, akifoka. Mimi nilisimama pale gari lilipokuwa. Palikuwa na gari la mtu mwengine.

Umeniuliza, nami nakujibu. Dereva nilikuwa mimi.

Nilimchukua kazini. Njiani akasema kifua kinamchoma, ni kiungulia. Nikamwambia twende hospitali, akanicheka, akasema tutakaa huko muda wa saa sita kwa ajili ya kiungulia, nisimame dukani nimnunulie dawa. Nikasimama. Nikamwacha kwenye kiti cha pembeni, nikaingia. Dawa niliipata mara moja. Kisha nikaona kuku wameshushwa bei, nikachagua. Nikachukua vitunguu, nikachukua sabuni, nikarudisha sabuni nikachukua ya rahisi zaidi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipotoka alikuwa ameegemea dirisha. Nilidhani amelala. Niliweka mifuko nyuma kwanza, Kaka, nikaipanga isimwagike, ndipo nikafungua mlango wa mbele.

Ambulensi ilitukuta pale pale. Hospitali ilikuwa ni kwenda kuandikwa tu. Mkono nilioushika ulikuwa umeshapoa. Shahada sikuisikia. Mama Mahir aliniuliza kama nimeisikia, na nilijua wewe uko karibu yake unasikiliza, nikasema ndiyo.

Muda mrefu sikujua nilikaa dukani kiasi gani. Nilijiambia dakika kumi. Ile picha waliyonitumia ina saa yake: kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, tunaingia. Risiti ya duka ninayo: kumi na moja na dakika arubaini na moja. Dakika ishirini na tisa. Kampuni ile ndiyo iliyonifanyia hesabu. Na katika picha anaonekana, nusu ya uso, ananigeukia kama anayetaka kuniambia kitu. Yu hai. Ndiyo maana sikukutumia, na ndiyo maana sikutaka kujibu. Niliona nikijibu wataniuliza, na nikiulizwa nitasema.

Fomu nimeijaza tarehe kumi. Nimeandika jina langu na nimetia na cheti. Kama ni deni basi ni langu mimi, na roho ya Talib haitundikwi kwa deni la mtu mwengine. Simu yake, waliyonipa hospitali katika mfuko wa plastiki, sijaiwasha mpaka leo. Sina nguvu ya kuona nani alimwandikia nini.

Sasa umejua. Ukitaka kunichukia nitaelewa.

Ummukulthum

*

Harrow
4 Julai 2025

Kaka Msabaha,

Salaam. Sote wazima.

Leo imekuja barua ya kampuni. Fomu yangu wameipokea lakini hawana haja nayo, kwa sababu shauri lilifungwa tarehe nne Juni. Deni limelipwa lote. Wanamshukuru Bwana Talib kwa kulimaliza.

Ni wewe. Nani mwengine? Nilikuomba jambo moja, ukaniandikia umenielewa. Miezi mitano nilikuwa siwezi kuandika jina langu mahali pale. Nikaliandika. Hawakulisoma, kwa kuwa wewe ulikuwa umeshalipa. Katika karatasi zao, mpaka kiama, Talib alikosa, akakiri, akalipa.

Nina hasira na wewe. Nimevunja sahani mbili ukutani, na ya tatu ilikuwa ya harusi yangu, nikaiweka chini. Siham ametoka chumbani mbio, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, "Mama, lia." Nimelia mpaka jirani akagonga.

Usinijibu kwa methali.

Ummukulthum

*

Wete
6 Julai 2025

Shemeji yangu Ummukulthum,

Assalaam aleiki. Barua yako ya tarehe kumi na mbili Juni nimeipata jana. Ikiwa umeshaniandikia nyengine baada ya hiyo, bado haijafika. Nyumbani wote wazima, na jicho limepona. Hongera kwa Siham.

Kwanza nikiri. Siku moja kabla ya Arafa nilimpa Mahir laki sita, akalipa kwa kadi yake kwa namba iliyo katika nakala yako. Niliuza karafuu nilizokuwa nimeziweka akiba. Uliniomba nisilipe, nikakuandikia nimekuelewa. Nilikuelewa kweli, ila sikusema nitakutii. Hiyo ni hila ya karani, na naona haya. Utakuwa umekasirika, na una haki.

Lakini sikulipa kwa sababu ya ahadi ya msikitini, ingawa ndivyo nilivyomwambia Mahir. Umenipa kweli yako yote, na mimi nimekaa na yangu tangu mwezi wa kwanza.

Jioni ile, kwetu saa mbili na dakika kumi na nane za usiku, Talib alinipigia simu. Akasema, "Kaka, nimo garini. Ummukulthum kaingia dukani kunitafutia dawa ya kiungulia." Nikamwambia, "Umezidi kula, mtu mzima huna adabu na tumbo." Akacheka. Tukazungumza habari ya paa la nyumba ya mama, nani anunue mabati. Tukabishana kidogo kama kawaida yetu. Nikamwambia wewe una pauni, akanambia wewe una karafuu. Kisha akasema, "Kaka, subiri."

Nikasubiri. Nikasikia magari, nikasikia magurudumu ya kitoroli yakipita. Nikamwita mara mbili. Nikadhani amechukia kwa ajili ya mabati, maana alikuwa na tabia hiyo tangu utoto: akichukia ananyamaza na wewe uko mbele yake. Mama Mahir alikuwa ameshapakua. Simu yangu inaonyesha tulikuwa pamoja dakika kumi na nne.

Kwa hiyo katika dakika zako ishirini na tisa, kumi na nne hakuwa peke yake. Hizo nakupa, uziondoe katika hesabu yako. Na hakuwa na hofu. Alikuwa akinikoroga kwa mabati.

Shahada mimi pia sikuisikia. Mimi ndiye niliyemtuma Mama Mahir akuulize. Uliposema umeisikia nilijua hukuwapo, na nikaichukua hivyo hivyo, nikawaambia watu wa hitma, nikamwambia kila aliyekuja kunipa mkono. Nilikuwa na haja nayo kuliko wewe. Tangu siku ya kwanza nilijua unanidanganya, na sikuthubutu kukwambia. Ungeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa naye, na nilikata simu nikaenda kula.

Msabaha